Amana ya Maswali: Mhadhara wa Uzinduzi wa Kiti cha Hisabati



Ada ya mhadhara wa namna hii ni kwamba profesa mpya aeleze yale aliyoyavumbua. Naomba radhi nikiiacha ada hiyo jioni hii, kwani miaka yangu ya kusomesha imezidi kunipa yakini kwamba kinachoiweka hai jamaa ya wanahisabati, kizazi baada ya kizazi, ni maswali yaliyoandikwa, yakatiwa sahihi ya muulizaji, yakawekwa mahali ambapo yeyote ajaye ataweza kuyakuta. Na swali la namna hiyo mimi naliita amana.

Mji wa Lwów, ambao leo huitwa Lviv nao u katika nchi ya Ukraine, ulikuwa Poland baina ya vita vikuu viwili, na karibu na chuo chake palikuwa na mkahawa ulioitwa Mkahawa wa Uskoti, wenye meza za marumaru. Hapo ndipo walipobarizi Stefan Banach, Stanisław Mazur na kijana Stanisław Ulam, pamoja na wenzi wao, wakinywa kahawa na kuandika kwa penseli juu ya jiwe lenyewe la meza, mmoja akichora, mwenziwe akifuta kwa kiganja, wa tatu akinyamaza kitambo kirefu huku macho yake yamekazana na alama mbili tatu zilizosalia. Ulam amehadithia kikao kimoja kilichodumu saa 17, kisichokatizwa ila kwa chakula. Lakini marumaru haihifadhi kitu: mtumishi akishapitisha kitambaa chake cha maji, kazi ya usiku kucha imekwisha, na husimuliwa kwamba burhani moja adhimu ya Banach, iliyopatikana baada ya baraza refu kama hilo, ilifutika hivyo, wala hakuna aliyeweza kuirejesha.

Aliyeuona msiba huo na kuutafutia dawa alikuwa Łucja, mkewe Banach, ambaye mwaka 1935 alinunua daftari nene, likawa likiwekwa pale pale mkahawani chini ya ulinzi wa mhudumu, na kila alipokuja mwanahisabati akaliomba, mhudumu humletea pamoja na kahawa. Swali la kwanza aliliandika Banach tarehe 17 Julai 1935, na ada ikawa kuacha nafasi tupu kungojea jawabu. Natua hapa makusudi kwa ajili ya bibi huyu, kwani nadharia za mumewe zinasomeshwa duniani kote kwa jina lake, ilhali bila ya daftari la mkewe mengi katika fikra za baraza lile yangalifuata njia ya ile burhani iliyofutwa.

Humo mliandikwa pia zawadi, kila mtu kwa kadiri ya swali lake: huyu chupa ya mvinyo, yule bia ndogo. Tarehe 6 Novemba 1936 Mazur aliandika swali la 153, akaahidi bata bukini aliye hai. Tafadhalini mnivumilie niwaeleze swali lenyewe, kwani si haki kumsifu bata na kuliacha swali. Fikirini kitambaa kilichotandazwa juu ya mraba, kikainuka hapa na kushuka pale, kisichochanika popote. Ukikikata kwa urefu, wapata mstari mmoja uliopinda. Ukikikata kwa upana, wapata mwingine. Je, umbo la kitambaa chote laweza kukaribiwa, kwa ukaribu wowote uutakao, kwa kuizidisha mikato yake yenyewe, ya urefu kwa ya upana, kila zao likizidishwa kwa namba yake, na kuyajumlisha mazao hayo mara kadhaa zenye kikomo? Mtu husikia swali hili na moyo wake humwambia ndiyo, maana kila kitambaa anachoweza kukichora kwa mkono wake hukubali.

Vita vilipokaribia, katika kiangazi cha 1939, Mazur alimwambia Ulam, aliyekuwa akifanya kazi Marekani na kurejea nyumbani wakati wa likizo, kwamba mambo yakiharibika ataliweka daftari sandukuni na kulizika karibu na mlingoti wa goli la uwanja wa mpira, apate kulifukua baadaye. Mambo yaliharibika kweli. Swali la mwisho aliliandika mwenzao Hugo Steinhaus tarehe 31 Mei 1941, likawa la 193, na kabla mwezi haujatimia Wajerumani walikuwa wameivamia nchi. Mwenzao Antoni Łomnicki aliuawa kwa risasi pamoja na maprofesa wengine wa mji mwezi Julai. Juliusz Schauder, mwenzao mwingine, aliuawa mwaka 1943. Steinhaus alijificha kwa jina lisilo lake. Naye Banach, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne yake, aliponea katika taasisi ya Rudolf Weigl, ambako chawa walifungwa miguuni pake wamnyonye damu, ili kutokana na chawa hao itengenezwe chanjo ya homa ya tifasi. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 31 Agosti 1945.

Daftari likasalimika. Łucja alihamia nalo Wrocław. Mwaka 1956 Steinhaus alimpelekea Ulam nakala yake kule Los Alamos. Ulam akaitafsiri kwa Kiingereza, akaieneza kwa wanahisabati. Na mwaka 1972 kijana wa Kiswidi, Per Enflo, alithibitisha kwamba jawabu la lile swali la kitambaa ni la, ndipo Mazur, mzee sasa, akamkabidhi mjini Warsaw bata bukini aliye hai, miaka 36 baada ya ahadi.

Mwaka ule ule wa 1956, tarehe 20 Machi, swali jingine kubwa lilitiwa katika bahasha. Mwanamantiki Kurt Gödel alimwandikia mwanahisabati John von Neumann akimwuliza: ikiwa mashine yatafuta burhani isiyozidi urefu fulani, hatua zake zitaongezeka kwa kasi gani kadiri urefu huo unavyoongezeka? Zikiongezeka polepole, alisema, basi fikra za mwanahisabati katika mambo ya ndiyo na la zaweza kuachiwa mashine kabisa. Aliyeandikiwa alikuwa mgonjwa wa saratani, akafariki tarehe 8 Februari 1957, na waraka ukakaa katika karatasi zake hata miaka ya 1980. Baina ya hapo Stephen Cook alikuwa amekwisha kulitangaza swali la jamaa hiyo hiyo hadharani mwaka 1971, naye Leonid Levin akalifikia peke yake katika Urusi ya Kisovieti. Na tangu mwaka 2000 limewekewa zawadi ya dola 1,000,000, wala halijapata jawabu. Kila niufikiriapo waraka ule huingiwa na huzuni, kwa kuwa swali lililostahili meza ya watu wengi lilipewa msomaji mmoja, naye yu kitandani.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Kuanzia kesho asubuhi litakuwa juu ya meza iliyo karibu na mlango wa maktaba ya idara yetu, na penseli imefungwa kwa uzi kando yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana haki nalo sawa na profesa, sharti aandike tarehe na jina lake. Swali la kwanza nimeliandika mimi, nalo lahusu bao la kete 64 ambalo wazee wengi mlio hapa mnalijua kunishinda: katika mitaji yote iishayo kwa kulala, ni upi ulio mrefu kupita yote, nao huanza kwa mkao gani wa kete? Atakayeleta jawabu na burhani yake nitampa kikapu cha maembe dodo, na msimu ukiwa umepita, atangoja hata maembe yaive.