Mwana Aliyekataa Kisha Akaenda
Dominika ya 26 ya Mwaka A



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii, katika Mathayo sura ya 21, inatuwekea mbele wana wawili. Baba anawatuma shambani. Wa kwanza anakataa waziwazi, halafu anabadilika na kwenda. Wa pili anaitikia kwa adabu nyingi, wala haendi. Mwinjili hatuelezi kwa kirefu ni nini kilichomgeuza yule wa kwanza. Hapo katikati, kati ya kukataa na kwenda, ndipo tunapotaka kukaa leo, kwa kuwa katekista mmoja ametuandikia habari za baba wa familia katika kigango chake. Mara tatu baba huyo ameapa mbele ya jumuiya kwamba ataacha pombe, na mara tatu amerudi kilabuni. Wanajumuiya wamechoka. Sasa wanataka jina lake liondolewe. Je, wafanye hivyo?

Swali hili si la Kanisa peke yake. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu, wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja, nao hawakubaliani.

Wapo waliosema: acha moyo, tazama tendo. Mmarekani B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, aliwafundisha njiwa kudonoa kibao kwa kuwapa punje za nafaka. Akaona kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hukomaa, na kwamba tuzo inayokuja mara moja moja, bila kutabirika, hulifanya tendo liwe gumu kung'oka kuliko ile inayokuja kila mara. Ndiyo maana mcheza kamari, ambaye siku hizi hubeti kwa simu akiwa kitandani, haachi ijapokuwa ameliwa mara ishirini. Kuhusu adhabu Skinner alikuwa na mashaka: fimbo huzima tendo kwa muda, nalo hurudi mwenye fimbo akiisha kuondoka. (Walimu wanaotusikiliza watatusamehe.) Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1971 alikwenda mbali zaidi, akaukana uhuru wenyewe wa mtu. Hapo hatuwezi kumfuata. Njiwa haapi. Mtu huapa, na hata akivunja kiapo chake anajua amekivunja.

Wengine walianza na mawazo. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, katika miaka ya 1960, alitambua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walijisemea moyoni maneno mafupi ya kujihukumu, wakayasadiki bila kuyapima. Akawafundisha kuyakamata na kuyahoji, kama shahidi anavyohojiwa mahakamani. Njia hii imepimwa sana, na imeonekana kusaidia wengi. Mlevi naye ana sentensi yake. Akinywa kikombe kimoja baada ya mwezi mzima wa kujizuia, hujiambia: nimekwisha kuanguka, basi na ninywe mpaka mwisho. Kikombe cha kwanza kililetwa na udhaifu. Vile kumi vilivyofuata vililetwa na sentensi hiyo.

Naye Carl Rogers, aliyewahi kusoma theolojia New York kabla ya kuhamia saikolojia, alishauri mtu asikilizwe bila kuhukumiwa, ili apate nguvu ya kujitazama. Kila padre aliyekaa kitubioni anaujua ukweli huo. Ila usikilizaji usiotaja kosa kwa jina lake, twaona, waweza kumwacha mtu ametulia palepale alipo.

Inayotuvuta zaidi ni njia iliyoanzishwa na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, walianza kusaidiana wasinywe. Ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi. Wanachama hukiri kwamba peke yao hawawezi, hujikabidhi kwa Mungu, humweleza mtu mwingine makosa yao, na kuwafidia waliowadhulumu. Mkatoliki akisikia hayo atatambua ndugu wa karibu wa kitubio. Wala hawahimizani kuapa kwa maisha yote. Hujizuia siku ya leo, na kesho hukutana tena.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba neema haiji kuyafuta maumbile yetu bali kuyakamilisha. Kwa hiyo hatuoni aibu kujifunza kwa hao wote.

Basi tunamjibu katekista: msimwondoe. Kiapo cha hadhara ni chombo dhaifu. Hakibadilishi njia ya jioni inayopita mbele ya kilabu, na kikivunjika huzidisha aibu, ambayo ndiyo anayokwenda kuizamisha katika kikombe. Ulizeni nani atatembea naye siku anapopokea fedha, na nani atabisha hodi kwake asubuhi baada ya kuanguka. Tena kabla ya hayo, apelekwe hospitali. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kushikwa na degedege, hata kufa. Maombi na daktari havigombani.

Barua ile haikutaja mke wala watoto. Wanakula nini? Je, wanapigwa? Kama wanapigwa, usalama wao utangulie uvumilivu wetu kwake, wala mtu asimwambie mama yule kwamba huo ndio msalaba wake.

Huko Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Humwacha mgeni achague tatizo moja, watafute pamoja hatua ya kulikabili, kisha arudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina bibi hao hawana shahada. Wamo wa namna hiyo katika kila kigango chetu, katika WAWATA na Legio Maria. Katekista, mtafute mmoja mwenye kutunza siri, na umwekee benchi chini ya mti, mbali kidogo na mlango wa kanisa, ili anayekuja asionekane na wote.

Tumsifu Yesu Kristo.