Uzee, Akili na Mwisho Mwema

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), leo tunazungumzia uzee unaoondoa akili.

Kuuogopa uzee huo si upungufu wa imani. Sura ya An-Nahl, aya ya 70, imewataja wanaorudishwa kwenye umri dhalili hata wasijue waliyokuwa wakiyajua. Na Mtume mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake asifikishwe huko.

Nchini Uholanzi, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002 inamruhusu daktari, kwa masharti, kumfisha mgonjwa aliyeomba. Hata aliyekwisha potewa na akili, ikiwa aliandika ombi lake mapema. Sisi hatuna ruhusa hiyo, kwani roho ni amana. Lakini hofu ya kuwa mzigo na kudharauliwa tunaijua. Basi na tuiondoe.

Mwenye akili leo na aandike wasia usiozidi thuluthi ya mali yake, ataje madeni na amana za watu, na amchague mwaminifu wa kumsimamia. Akija kusahau sala kwa maradhi hayo, kalamu imeinuliwa kwake. Tutakaoulizwa ni sisi, tukimfungia chumbani, au tukimkaripia kwa kuuliza jambo moja mara kumi. Tumekatazwa hata kuwagunia wazazi waliozeeka. Mwosheni, mvisheni nguo safi, mwamkieni kila asubuhi, ijapokuwa hawajui tena majina yenu.

Ewe Mola, tujaalie mwisho mwema. Amin.