Udongo Wetu na Maji ya Bahari

(Hotuba ya mwanachama siku ya sherehe ya chama kutimiza miaka kumi)



Walionitangulia wamesimulia habari za kahawa, mikopo na hesabu za chama. Mimi nimeombwa niseme juu ya maji yatiririkayo kutoka mashambani mwetu, nayo si habari ya kupendeza sana siku ya karamu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Malindi kumtazama binti yangu. Ilikuwa baada ya mvua za vuli, wakati upepo wa kaskazi usukumapo maji ya Mto Sabaki kuelekea mjini, na bahari ilikuwa na rangi ya matofali. Mvuvi mmoja mzee akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu kwamba natoka Machakos, alicheka akasema, “Basi, mzee mwenzangu, shamba lako ndilo hilo.” Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala vyema, kwa maana nilikuwa nimeacha matuta yangu mawili yakibomoka.

Hakusema uongo. Mto Athi, upokeao maji ya vijito vyetu, hukutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, na karibu na pwani ukaitwa Sabaki. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na ndani yake hubaki alama za madini ya bariamu yaletwayo na udongo wa mtoni. Kwa miaka 200 ya kwanza bariamu ilikuwa kidogo. Tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kulimwa, ikaongezeka. Bahari imetunza daftari lake, wala hakuna karani awezaye kulifuta.

Udongo ukitanda majini huzuia mwanga wa jua, na matumbawe hufa. Nayo ndiyo makazi ya samaki. Tena udongo hauendi peke yake. Huchukua mbolea ya chumvichumvi, ambayo majini hustawisha magugu na mwani. Hayo yakifa huoza, na kuoza kwake huimaliza hewa ivutwayo na samaki. Ndugu zangu, bei ya mbolea ile tumekatwa katika malipo ya kahawa. Mtu akiimwaga hali mawingu meusi yametanda, amewanunulia magugu ya mtoni chakula.

Dawa twaijua. Ni mtaro wa fanya juu, ambao mchimbaji huutupa udongo upande wa juu ukawa ukingo. Wazee wetu walishurutishwa kuchimba makinga maji zamani za ukoloni, na wengi waliyachukia, siwalaumu. Baadaye walichimba kwa hiari yao, kwa mwethya, akina mama wakitangulia. Wilaya ya Machakos ilikuwa na watu 240,000 hivi mwaka 1932, na kiasi cha 1,400,000 mwaka 1989. Hata hivyo mmomonyoko ulipungua, kama kilivyoeleza kitabu kimoja kilichotolewa mwaka 1994.

Najua wapo watakaosema kwamba uchafu wa Nairobi ndio unaouharibu Mto Athi. Ni kweli, mto wa mji huo huingia humo na taka zake. Lakini shimo la maji machafu la kiwanda chetu halikuchimbwa Nairobi. Maji yaliyooshewa kahawa yana sukari na ute. Yakiingia kijitoni huchacha na kuimaliza hewa ile ile. Msimu uliopita shimo lilifurika, na jirani zetu wa chini wakachota maji yanayonuka. Shimo la pili lilikuwa limependekezwa mkutanoni, likakataliwa kwa ajili ya gharama. Mimi nami niliinua mkono kulikataa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba jambo hilo lirudishwe mbele ya mkutano mkuu ujao, na kazi ianze kabla ya mvua za Novemba. Makato yatakayoamuliwa, nitayalipa pamoja na wenzangu. Matuta yangu mawili nimekwisha kuyatengeneza. Apendaye kuyakagua na aje.