Gari ya Kikundi Ikitoka kwa Fundi, Upepo Utolewe

(Mazungumzo na wenyekiti, waweka hazina na madereva wa vikundi vya kujisaidia, Kehancha)



Niliombwa nije kusema juu ya kutunza mali ya kikundi. Kawaida nikiitwa kwa neno hilo nasema juu ya kitabu cha risiti na sahihi tatu za benki. Leo nitasema juu ya upepo ulio ndani ya injini. Msicheke, akina mama. Upepo huu umekula pesa za wajane kushinda mwizi yeyote niliyepata kumjua katika kazi hii.

Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya kazi za jamii. Lakini nilikuwa ndani ya gari siku ile, kwa hiyo nilichokiona nimekiona.

Kikundi kimoja hapa jirani walinunua Hiace kuukuu, zile za abiria 14, injini ya dizeli. Waliweka pole pole, mwingine akiuza mahindi, mwingine akitoa shilingi hamsini ya kila wiki. Gari ikabeba watu sokoni, ikabeba wagonjwa, ikabeba na maiti bila malipo kwa mwanachama. Halafu pampu ya maji ikaanza kuvuja. Fundi akaweka pampu mpya, tena kazi yake ilikuwa safi. Akamimina maji kwa rejeta mpaka yakafika shingoni, akafunga kifuniko, akalipwa, akaenda. Kesho yake tukapanda kwenda Ntimaru. Tulipokuwa kilimani dereva akasema hita inatoa baridi, ajabu. Geji ya joto ilikuwa chini kabisa, kama injini imelala. Tukashukuru kwamba gari imepoa! Kilomita chache mbele tukasikia harufu, injini ikakosa nguvu, kisha mvuke ukatoka chini ya kiti cha dereva. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka. Gari ilikaa chini ya mti zaidi ya mwaka, kuku wakataga ndani.

Sasa tuulize: maji yalijaa, pampu ilikuwa mpya, kosa lilikuwa wapi?

Chukueni chupa yenye shingo nyembamba, muitumbukize mtoni. Haijai mara moja. Inapiga glu, glu, glu, kwa sababu upepo uliomo unataka njia ya kutoka. Injini ni vivyo hivyo. Fundi akimwaga maji ili afanye kazi, mahali pa maji panaingia upepo. Ukirudisha maji kwa haraka, upepo unakimbilia mahali pa juu na kubaki hapo. Na katika magari haya ya injini chini ya kiti, rejeta iko mbele na chini, mipira ni mirefu, na bomba za hita nyingine zinapita chini ya sakafu hadi nyuma. Shingo ya rejeta inaweza kuwa chini kuliko mahali pa juu pa mfumo wote. Kwa hiyo shingo inajaa, lakini juu kumebaki upepo.

Upepo haubebi joto kama maji yanavyobeba. Chuma kilichozungukwa na upepo kinaungua. Tena pampu ikijaa upepo inazunguka bure, haisukumi kitu. Tena thamostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, kinangoja kuguswa na maji moto, mara nyingi ya nyuzi 82 au 88. Kikizungukwa na upepo kinachelewa kufunguka. Na geji ni hivyo hivyo: jicho lake likiwa kwenye upepo badala ya maji, linasema uongo. Ndiyo maana sindano ilikuwa chini huku injini inakufa. Dereva akiona hita inatoa baridi na injini imeshatembea, huo ni upepo au maji yamepungua. Asimame.

Huku kwetu juu kuna jambo lingine. Maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kifuniko kilichochoka mpira, au kile kilichofungwa kwa kitambaa na waya (nimeviona, msinitazame hivyo), hakibani kitu.

Basi upepo unatolewaje? Nilikaa na fundi mwingine, mzee mwenye subira, nikaandika alivyofanya.

Injini iwe baridi. Nasema baridi, si vuguvugu. Kufungua kifuniko cha rejeta moto kumeunguza nyuso za vijana wengi. Gari iegeshwe ikiangalia mlimani, ili rejeta ije juu, na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Kehancha hatukosi mteremko. Hita iwekwe kwenye moto, ile ya mbele na ya nyuma kama ipo, ili njia zake zifunguke.

Halafu tafuta mahali pa juu kabisa. Magari mengine yana skrubu ndogo ya kutolea upepo, uliza fundi akuonyeshe. Kama haipo, unalegeza mpira wa hita ulio juu kuliko yote. Unamimina maji kidogo kidogo, na mtu wa pili anaminya mipira mikubwa kwa mkono, anaachia, anaminya, kama mtu anayekamua ng'ombe. Utasikia inacheua. Pale ulipolegeza patatoa povu na mate kwanza, kisha maji matupu. Yakitoka bila povu, kaza.

Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ingurume taratibu. Hapa ndipo mafundi wengi wanakosa subira, maana inaweza kuchukua nusu saa. Mapovu yatatoka shingoni. Thamostati ikifunguka, maji yatashuka ghafla, nawe ongeza. Kanyaga mafuta kidogo, achia, ongeza tena. Shika mpira wa juu na wa chini wa rejeta, kwa uangalifu: yote miwili iwe na joto, na hita itoe joto. Mapovu yakiisha, funga kifuniko, jaza chupa ya akiba hadi alama. Injini ikipoa kabisa, kesho yake asubuhi, angalia tena. Karibu kila mara itataka kidogo. Na kale kampira ka chupa ya akiba kasiwe na tundu, maana injini ikipoa inavuta maji kupitia hapo. Kenye tundu kanavuta upepo, na kazi yote inarudi mwanzo.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakitaki ufundi. Fundi akimwaga maji, yakingwe kwenye beseni, yapimwe kwa mtungi wa lita tano wa mafuta ya kupikia. Kama zilitoka lita nane na zimeingia sita, lita mbili ziko wapi? Ni upepo. Hata mama asiyejua injini anaweza kusimama pale na mtungi wake akauliza swali hilo.

Lakini yale maji ya beseni yasiachwe. Kama yana kulanti, ni sumu, na ni matamu. Mbwa atayanywa, mbuzi atayanywa, na mtoto pia. Na unapojaza upya, kulanti iliyochanganywa na maji safi ndiyo nzuri. Ukikosa, afadhali maji ya mvua kuliko ya kisima yenye chumvi, ambayo yanaacha utando ndani kama ule wa birika.

Mtaambiwa, "Toeni thamostati, mtupe, gari haitachemsha tena." Nimeisikia mara nyingi, na siikubali. Injini itakaa baridi mno na kula dizeli zaidi. Na kwa injini nyingine thamostati ikikosekana, maji mengine yanazunguka ndani tu bila kupita kwenye rejeta. Kama imeharibika, nunua nyingine, na kile kipini kidogo kinachochezacheza juu yake kielekezwe juu. Kazi yake ni kupitisha upepo.

Kuna mapovu ambayo hayaishi. Umeminya, umeongeza, saa nzima bado yanatoka, yana harufu ya moshi, na mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi. Hapo msiendelee kumimina. Huo ni moshi unaopita kwenye gasketi ya kichwa, na kila safari utakayoongeza inaongeza bili. Pia injini ikichemsha njiani, izime, ingoje. Msimwage maji baridi juu ya chuma chenye moto. Hicho ndicho kinachopasua kile ambacho upepo haujapasua.

Sasa waweka hazina, hapa ni penu. Fundi alipwe sehemu, nyingine abaki nayo mweka hazina mpaka gari ipande kilima na kurudi, ipoe, na maji yaangaliwe. Fundi mzuri hatakataa. Na dereva akisema leo hatutoki, ninangoja injini ipoe niangalie maji, asitukanwe kwamba anapoteza pesa ya siku. Wanachama wa kile kikundi walikuwa wamemharakisha dereva asubuhi ile. Mimi nilikuwa mmoja wao, nilikuwa na mkutano.

Nimeona gari ya wenyeji wetu imeegeshwa hapo nje kwenye mteremko, na imelala usiku kucha. Dereva, leta spana na mtungi. Akina mama, njooni karibu, msiwaachie wanaume peke yao.