Wenye Kiu Waketi Katika Mkutano



Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni iliweka kanuni za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Hilo ni jema. Jema zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba kamati za wadi, zilizochaguliwa na wananchi, zilipewa kupendekeza miradi.

Hapo ndipo haki hupimwa. Bwawa la mchanga ni ukuta unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, nao mchanga huyahifadhi maji hadi kiangazi. Ukuta usipokaa juu ya mwamba, maji hupenya chini, na fedha za umma zikapotea. Mwamba ataupima mhandisi. Lakini akina mama wachimbao mchangani kila Septemba ndio wajuao mahali maji yanapokawia kukauka. Je, ni nani kati yao aliyeitwa mkutanoni? Tena mkutano wa asubuhi, ilhali wako mtoni!

Kwa hiyo twawaomba, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: mkutano wa wadi ukitangazwa, nanyi utangazeni baada ya Misa, ombeni ufanyike alasiri, mkawachague akina mama wasiopungua wawili wa kwenda kusema.