Mtoto Anayehitaji Tiba na Darasa Lisiloihitaji



Nimeombwa nizungumzie kama utamaduni wa tiba ya kisaikolojia unawafaa watoto wetu au unawadhuru. Msimamo wangu nautoa mapema, ili atakayenipinga anipinge akiujua. Mtoto anayeumwa akipewa tiba iliyopimwa, hupata nafuu. Lakini kulifundisha darasa zima kujichunguza moyoni kila wiki, likitafuta dalili, kunaweza kuwaumiza watoto waliokuwa wazima. Mambo haya mawili tunaletewa kwa jina moja, afya ya akili, na tukishindwa kuyatenganisha tutawakosea watoto wa pande zote mbili.

Nianze na tiba yenyewe, maana wapo wanaoiona ni anasa ya nchi tajiri. Katika maeneo manne, ya mjini na vijijini, ya Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watafiti walifuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye dalili za kiwewe. Nusu yao walihudhuria vikundi vya tiba kwa wiki 12. Walioviongoza hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa karibu, na walezi wa watoto nao walikuwa na vikundi vyao. Matokeo yalichapishwa 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Baada ya mwaka, tofauti hiyo ilibaki Kenya. Kwetu Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana. Nayasema yote mawili kwa sababu anayetaka kuaminiwa hachagui matokeo.

Kenya pia kuna mpango wa vijana uitwao Shamiri. Wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata vipindi vinne vilivyoongozwa na vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu. Jingine lilifundishwa mbinu za kujisomea. Dalili zilipungua zaidi katika kundi la kwanza, kwa mujibu wa ripoti ya 2021. Nawaomba mzingatie vipindi vyenyewe vilihusu nini: uwezo wa mtu kubadilika na kukua, kushukuru, na mambo anayoyathamini maishani. Ugonjwa haukuwa ndio mazungumzo.

Sasa tutazame upande wa pili. Uingereza kuliendeshwa jaribio kubwa katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 walio mwanzoni mwa ujana. Walifundishwa darasani kutulia na kuyatazama mawazo yao yanavyopita. Ripoti ya 2022 haikuona faida kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha, na kwa watoto waliokuwa tayari hatarini kulikuwa na ishara za kudhurika. Sydney, Australia, wanafunzi zaidi ya 1,000 waliwekwa kwenye jaribio la masomo ya kudhibiti hisia yaliyochotwa katika tiba inayowasaidia wagonjwa kweli. Matokeo ya 2023 yalionyesha kuwa, mara baada ya masomo, waliofundishwa walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wasiofundishwa, na uhusiano wao na wazazi ulikuwa umepungua. Hilo la wazazi ndilo lililonishtua kuliko yote.

Kwa nini iwe hivyo? Watafiti Lucy Foulkes na Jack Andrews walipendekeza 2023 kwamba kuzungumzia mno matatizo ya akili kunawafanya baadhi ya vijana wayaone maumivu ya kawaida kuwa ugonjwa, kisha waishi kama wagonjwa. Ni dhana, haijathibitishwa yote, lakini mwalimu yeyote ataitambua. Mtoto wa darasa la saba tumbo linamchafuka kabla ya mtihani wa taifa. Akiambiwa ana ugonjwa wa wasiwasi, anaanza kujipima kila asubuhi. Mtu mzima mwenye huruma anamruhusu asisome mbele ya wenzake, asijibu swali, asije siku ya jaribio. Kila anapokwepa anatulia kwa siku hiyo, na kesho yake hofu inarudi na nguvu mpya. Wanaotibu hofu za watoto hufanya kinyume: humsogeza mtoto kidogo kidogo kuelekea kile anachokiogopa, wakiwa pamoja naye. Huruma inayomruhusu akwepe inachukua maneno ya tiba na kukiacha kiini chake.

Hata baada ya msiba mkubwa, tusikimbilie kumfungua kila mtoto mdomo. Mei 2017, ajali ya basi Karatu iliua wanafunzi 32, na sote tulitamani kufanya kitu. Zamani iliaminika kwamba aliyeponea ajali lazima asimulie yote mapema. Utafiti wa Uingereza wa 2000 ulikuta, miaka mitatu baada ya ajali za barabarani, kwamba waliokuwa na dalili kali mwanzoni na wakasimulishwa hivyo walibaki na hali mbaya, huku wenzao walioachwa wakipona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unasema tumpe mtu usalama, tumsikilize akitaka kusema, tumuunganishe na ndugu zake, wala tusimlazimishe.

Kitabu Bad Therapy cha Mmarekani Abigail Shrier, kilichotoka 2024 na kinachosema tiba inawadhuru watoto wasioihitaji, kimezidisha mjadala huu. Kiliandikwa kwa wazazi wenye wataalamu tele. Kwetu mtoto mwenye sonona kali mara nyingi hupitia kwanza viboko, kisha maombi, ndipo afikishwe hospitali. Ninaogopa sana hoja za kitabu hicho zisije zikawa kisingizio cha kumnyima huyu tiba.

Mapendekezo yangu ni haya. Muda na fedha tulivyo navyo viende kwanza kwa mtoto aliyebadilika: asiyelala, asiyekula, aliyeacha kucheza, anayezungumzia kufa. Mlezi wake aitwe tangu mwanzo, na asisikie habari mwishoni. Na programu yoyote ikiletwa shuleni kwenu kwa darasa zima, mwulizeni anayeileta: imepimwa kwa watoto gani, ikilinganishwa na nini, na mtoto atakayezidiwa katikati ya kipindi ataonwa na nani siku hiyohiyo? Akikosa jibu la swali la tatu, mwambieni asubiri.