Mahali pa Kukaa katika Mji wa Dar es Salaam

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa Chama)



Katibu wetu mheshimiwa aliponitaka niseme mbele yenu alinipa maneno haya: mtaa ulio bora kupita yote katika mji wa Dar es Salaam. Nimeyafikiri sana, nami naomba ruhusa ya kuyageuza kidogo. Maana tukiulizana mtaa ulio bora, kila mtu atausifu wake, na mkutano utakwisha kwa ubishi kama ule wa Simba na Yanga. Afadhali tuulizane hivi: mtumishi wa serikali mwenye mshahara mmoja, mwenye mume au mke na watoto, naye ana barua ya uhamisho mkononi, atazame nini kwanza kabla hajatoa fedha yake? Mimi nasema atazame maji. Lakini wengi wetu, naona, hutazama jina.

Yafaa tujue jina limepata wapi nguvu zake. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Wao, na Waingereza baada yao, waliugawa mji katika kanda tatu kwa kanuni za ujenzi. Kanuni za Waingereza zilitaja namna ya nyumba tu, kuta zake na paa lake, wala hazikutaja rangi ya mtu. Lakini kila mtu alijua maana yake. Upande wa bahari ukawa Uzunguni, katikati Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi ili kutenga, palikuwa petu. Hata jina la Kariakoo ni la namna hiyo: ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa pale. Baadaye Wazungu walisogea Oyster Bay wapate upepo, na sisi tukapimiwa Ilala, kisha Magomeni, Temeke na Kinondoni.

Kanda zile zilikwisha. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na leo mwenye fedha hukaa apendapo. Lakini mipaka ile imebaki katika vichwa vyetu, ndiyo maana twasema huyu anakaa ushuani na yule uswahilini, kama kwamba twataja vyeo vyao. Nimemwona karani akitoa karibu nusu ya mshahara wake kwa chumba cha uani huko Mikocheni, chumba ambacho dirisha lake latazama ukuta, ili akiulizwa ofisini anakaa wapi apate kutamka neno moja tu. Simcheki. Nasema tu kwamba neno hilo halikumpa maji ya bomba, wala halikuzuia maji ya mvua kuingia mlangoni mwake mwezi wa Aprili.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, nanyi mnivumilie, maana hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, hushuka kwa Vingunguti na Kigogo, huenea Jangwani, kisha huingia baharini karibu na daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuuruka bila kulowesha viatu, na kwa sababu hiyo wengi huudharau. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua ilinyesha siku chache tu, na mto ule ukajaza bonde lote. Watu wapatao arobaini walikufa. Wengine walikaa juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Serikali iliwahamishia wengi Mabwepande, ikawapa viwanja. Na baadhi yao walirudi bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo, na Mabwepande ni mbali. Desemba ya mwaka 2015 yalikuja matingatinga, na kuta zikaandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Ndipo mwaka 2022 ukaidhinishwa mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi kwa fedha za Benki ya Dunia, na nyumba nyingi zikathaminiwa, wenyewe wakalipwa, zikabomolewa.

Fikirini basi, Mabwana, hali ya mpangaji katika mambo hayo yote. Mwenye nyumba aliyekuwa na haki hulipwa. Wewe uliyelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, kama ilivyo desturi ya mji huu, utamdai nani? Godoro lililolowa maji ya mto halina fidia. Daftari za watoto hazina fidia. Nami nasisitiza kwamba sheria haikunyamaza: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Sisi ndio tunaopiga chapa nakala za sheria na kuziweka katika majalada. Ni ajabu kwamba hatupimi hatua 60 tunapokwenda kutazama chumba.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Jangwani tu. Jina moja la mtaa hufunika mahali pawili. Ukisema Magomeni, kuna upande wa Mwembechai ulio juu, na kuna Suna iliyo chini bondeni. Ukisema Kinondoni, kuna mitaa ya juu, na kuna Mkwajuni na Hananasif zinazoshuka mtoni. Mtu huja toka bara, rafiki humwambia, "Tafuta Magomeni, ni pazuri, ni karibu na mjini," naye huambiwa kweli. Ila dalali humshusha mteremko hatua mia mbili, humwonyesha vyumba viwili kwa bei ya kimoja, na yule mgeni hushukuru Mungu. Bei ile ndogo ina sababu yake.

Wala wenye mali hawakusalimika. Huko Msasani, ndani ya mitaa ya watu wakubwa, kuna mahali paitwapo Bonde la Mpunga. Wazee waliopita jina hilo hawakutunga mashairi: walilima mpunga pale, na mpunga haulimwi pakavu. Siku hizi yamejengwa majumba ya saruji, mashamba yakafukiwa kifusi, na mvua zikija maji hurudi kutafuta makao yake ya zamani. Kijitonyama ina kijito ndani ya jina lake. Mtoni ni Mtoni. Nimesema kwamba sifa ya jina hudanganya. Lakini maana ya jina mara nyingi husema kweli, ila hatuna masikio. Katika shule za misheni tulifundishwa sote habari za yule aliyejenga juu ya mchanga, tukapata maksi nzuri katika mtihani, tukaondoka.

Basi mtu atatazamaje? Asiende na dalali mara ya kwanza, kwa kuwa dalali hupata kodi ya mwezi mmoja mkipatana, na hapati kitu msipopatana. Aende peke yake, na kama aweza aende wakati wa masika, asubuhi ya pili baada ya mvua. Atazame kuta kwa nje: maji ya mafuriko huacha mstari wa tope, na chokaa mpya iliyopakwa chini tu, kufikia magoti, ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya mwenye nyumba. Atazame vizingiti, kama kila nyumba imejenga ukuta mdogo mbele ya mlango wake, haukujengwa kwa urembo. Kisha anunue maandazi, na amwulize mama anayeyauza: mwaka jana maji yalifika wapi? Yule mama hana faida kwa jibu lake. Nimepata kuuliza hivyo mara nyingi katika safari zangu za kutafuta nyumba, na sijapata kudanganywa.

Na amwulize jambo moja zaidi, ingawa si la kusemwa mezani: vyoo vya mtaa huu hufunguliwa wakati wa mvua? Wako watu wasio na fedha za gari la kunyonya maji machafu, ambao hungoja mvua kubwa wakatoboa mashimo yao ili mkondo uchukue. Mji wetu ulipatwa na kipindupindu mwaka 2015, kikaenea katika mikoa mingine. Mwenye watoto wadogo asiione habari hii kuwa ndogo.

Juu ya maji ya kunywa nitasema machache. Mji huu hunywa hasa maji ya mto Ruvu, nao ukipungua, sote twajua. Mwishoni mwa mwaka 2022 ukame ulifanya maji yagawiwe kwa zamu, na hapo ndoo ikawa na bei hata katika mitaa ya fahari. Pote karibu na bahari, uulize kama kisima ni cha chumvi. Na uulize kwa kuonja. Katika nyumba ya kupanga, tanki ni bora kuliko vigae vya sakafu.

Najua mtakaloniuliza: je, na njia? Karani anayekaa Chanika au Bunju huamka saa kumi ya usiku, na watoto wake humwona siku ya Jumapili. Hilo ni kweli na ni zito. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huu ulihesabiwa watu zaidi ya milioni tano na laki tatu, na asubuhi huonekana kama wote wamesimama kituo kimoja. Lakini njia ni kitu kinachoweza kutengenezwa. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, na mwaka ule ule likafunguliwa daraja la Kigamboni, ambako zamani mtu alitegemea pantoni peke yake. Bonde halitengenezwi namna hiyo. Hata hayo mabasi, karakana yao iliwekwa Jangwani, na mvua iliyafuata huko. Ila barabara nayo ina mpaka wake wa sheria: mwaka 2017, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo hapo ina zaidi ya mita 120 kila upande. Wengine waliokaa pale walikuwa watumishi kama sisi, na nyumba zao zilikuwa za mkopo. Nyumba ilivunjwa, makato ya mkopo yaliendelea kuonekana katika hati ya mshahara.

Jambo hilo lanileta kwa wale wanaotaka kununua kiwanja. Kuanzia mwaka 2002 serikali ilipima viwanja elfu ishirini pembezoni mwa mji, katika Mbweni, Bunju, Tuangoma na kwingineko, waliopata walipata. Wengine wetu hununua kwa wazee wa mahali, mbele ya mashahidi, na karatasi hupigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi ile ni ushahidi wa kuuziana, wala si hati ya ardhi. Kwa sheria ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati hutoka katika ofisi ya ardhi. Nendeni huko kwanza, muulize kama mahali pale pamepimwa, na pamepangiwa nini: shule, barabara, au makaburi. Siku moja ya ruhusa ya kazi yatosha kwa safari hiyo. Tena msiwe na haraka. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kweli, wenzetu wengi wameacha hapa misingi iliyoota majani, nao wanapanga vyumba kule.

Bwana Mwenyekiti, Katibu hataniachilia bila kutaja majina. Mimi, mwenye watoto wanaosoma bado na mshahara wa kadiri, ningetafuta vyumba viwili Magomeni upande wa juu, au Ilala karibu na Boma, au Temeke ile iliyopimwa zamani. Ni mitaa mikuukuu, haina fahari, kelele zake ni nyingi, na mwenye nyumba hukaa nawe uani akihesabu ndoo zako. Lakini ilipangwa kwa njia na viwanja, ni karibu na kazi, ni karibu na hospitali, na jirani humchapa mtoto wako akimkuta barabarani saa za shule. Sinza naipenda pia, kwa kuwa viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, ila huko napo mtu ashuke chini akatazame mifereji. Ningeviacha vyumba vitatu vya Chanika mpaka watoto wakue. Najua Mzee wetu aketiye kule nyuma hakubaliani nami, kwa kuwa ana shamba la mihogo na kuku huko, na usingizi mzuri. Namwomba asimame baada yangu, ajibu.

Jumamosi ijayo, ikiwa mvua itanyesha, nitashuka kutoka Mwembechai hadi Suna kwa miguu, kuonyesha wanachama wapya mahali mistari ya tope ilipo. Tutakutana kituoni saa moja ya asubuhi. Anayetaka kuja, na avae viatu vya zamani.